Kuendesha Ligi ya FPL Mtaani na Kupiga Picha ya Kikombe Chake

Kikombe cha ligi yetu kina kimo cha sentimita 38, kitako chake ni cha mbao nyeusi, na kuzunguka kitako hicho pamebandikwa vibati vitano vyenye majina ya mabingwa. Hukaa kwa bingwa kwa msimu mmoja tu. Mwezi wa Mei ukifika anakirudisha, kinapanguswa, kinaongezwa kibati kipya, kisha kinahamia Donholm, Umoja au kokote anakoishi mshindi mpya. Anachobaki nacho bingwa wa zamani ni picha. Kwa sababu hiyo mimi, ambaye nimekuwa katibu wa ligi hii kwa misimu mitano bila kuishinda hata mara moja, nimejifunza kuipa picha uzito uleule wa kikombe, na mwongozo huu nimemwandikia mtu anayetaka kuanzisha ligi ya aina hii pamoja na wenzake hapa Nairobi na kuifikisha salama hadi siku ya picha hiyo.

Hatua ya kwanza: Ujue mnachokicheza

Fantasy Premier League, ambayo sote tunaiita FPL, ni mchezo wa bure wa Ligi Kuu ya Uingereza ulioanza msimu wa 2002/03. Kila anayejisajili hupewa pauni milioni 100 za kubuni, naye huzitumia kununua kikosi cha kubuni cha wachezaji halisi 15 wa ligi hiyo, ambao alama zao hutokana na wanavyocheza katika mechi za kweli, yaani makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, bila kuchukua zaidi ya watu 3 kutoka klabu moja. Raundi ziko 38. Katika kila raundi unapanga 11 wa kuanza, unamteua nahodha ambaye alama zake huzidishwa mara mbili, na nahodha msaidizi atakayerithi heshima hiyo iwapo nahodha hatakanyaga uwanjani kabisa. Bao la mshambuliaji lina alama 4, la kiungo 5 na la beki 6. Pasi ya bao ina alama 3. Beki au kipa aliyecheza angalau dakika 60 bila lango kuguswa hupata 4. Kadi ya njano hukata alama 1, nyekundu hukata 3.

Kuanzia msimu wa 2025/26 iliongezwa kanuni inayowapa alama 2 wachezaji wanaofanya kazi chafu ya ulinzi: beki anayefikisha matendo 10 ya kuokoa, kuzuia mikwaju, kunasa pasi na kunyang'anya mpira, na kiungo au mshambuliaji anayefikisha 12, kwake yeye mipira iliyookotwa ikihesabiwa pia. Kila ninapoisoma kanuni hii humkumbuka Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, aliyeingia Southampton mwaka 2013 na baadaye akahamia Tottenham. Tulimpenda kwa moyo wote, lakini kumweka kikosini kulikuwa sadaka, kwa maana jasho lake la katikati ya uwanja halikuwa na alama. Kanuni hii imemchelewea.

Hatua ya pili: Andikeni kanuni kabla ya Agosti

Kufungua ligi ya faragha ndani ya programu ya FPL ni kazi ya dakika moja: unachagua jina, unapewa msimbo, unautuma kwenye kundi la WhatsApp, watu wanaingia. Utaulizwa kama mnataka jedwali la kawaida, ambalo hujumlisha alama za msimu mzima, au mapambano ya watu wawiliwawili kila raundi. Chagueni jedwali la kawaida ikiwa ni mwaka wenu wa kwanza. Mapambano ya wawiliwawili yana utamu wake, lakini mtu anaweza kupata alama 80 na kushindwa na jirani aliyepata 81 wakati mwingine anashinda kwa alama 35, na ugomvi wa namna hiyo unahitaji watu waliozoeana.

Kazi yenyewe iko katika kanuni za nje ya programu. Sisi tuko 14, na kila mmoja hutoa shilingi 500 kabla ya raundi ya kwanza, zinazotumwa kwa M-Pesa kwa mweka hazina ambaye si katibu. Ujumbe wa uthibitisho hupachikwa kundini saa ileile ili asiwepo wa kusema nilituma, nilituma. Tulikubaliana pia kwamba hela hiyo haigawanywi kwa washindi. Hununua kibati, husafirisha kikombe, huchapisha picha, na kinachosalia huliwa pamoja kama nyama choma siku ya kukabidhiana. Ligi mbili ninazozifahamu zilivunjika, na zote mbili zilivunjwa na hela ya zawadi. Sijasikia iliyovunjwa na mbuzi.

Andikeni vilevile namna ya kuamua iwapo wawili watalingana kileleni. Programu yenyewe humweka juu yule aliyefanya uhamisho mchache zaidi, na ni busara kuikubali kanuni hiyo mapema, kwa kuwa mwezi wa Mei kila mtu atakuwa na yake. Mwisho, andikeni kwamba mtu anayeacha kupanga kikosi kwa raundi nne mfululizo bila sababu hapati kushiriki msimu ujao. Kundi huanza kupoa Januari, wale wa mkiani wakishakata tamaa, na bingwa wa ligi ya watu sita wanaocheza na wanane waliolala hana cha kujivunia.

Hatua ya tatu: Shikeni saa

Dirisha la kubadilisha kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Kwa mechi ya Jumamosi inayoanza saa sita na nusu mchana kwa saa za Uingereza, sisi wa Nairobi hufungiwa saa nane mchana wakati wa baridi yao na saa saba mchana wakati wa kiangazi chao. Saa zetu hazibadiliki. Wao ndio husogeza zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Badiliko la Oktoba halina madhara kwa sababu linakuongezea saa nzima. La Machi ndilo linaloumiza. Mtu amezoea tangu Novemba kupanga kikosi akitoka kibandani kula chapati na maharagwe saa saba na nusu, anafungua simu, anakuta dirisha lilishafungwa na nahodha wake ni yule aliyevunjika mguu wiki iliyopita. Programu huonyesha muda kwa saa ya simu yako, ila mazoea yana nguvu kuliko skrini, kwa hiyo katibu atume ukumbusho asubuhi ya raundi ya kwanza baada ya badiliko hilo.

Jihadharini pia na raundi zinazofunguliwa Ijumaa usiku. Mechi ya saa mbili usiku huko huwa ni saa tano usiku hapa wakati wa baridi yao, na dirisha hufungwa saa tatu na nusu, wakati ambapo wengi wetu bado tumo kwenye matatu Jogoo Road tukiwa na asilimia tatu ya chaji.

Hatua ya nne: Chezeni kwa subira

Sitakaa sana hapa, kwa kuwa ushauri wa mtu ambaye hajawahi kushinda una mipaka yake. Hata hivyo nimewahesabia alama mabingwa watano, na wote walifanana katika jambo moja: walinunua na kuuza kidogo kuliko sisi. Kila raundi unapewa uhamisho mmoja wa bure, unaweza kuulimbikiza hadi ufike mitano, na kila unaozidi hukugharimu alama 4. Alama hizo ni sawa na bao zima la mshambuliaji, na mtu anayezilipa kila wiki kwa hasira ya wiki iliyopita anaanza kila raundi akiwa amefungwa.

Turufu, ambazo wengi huziita chipu, zitumieni kwa mpango. Ipo ya kubadilisha kikosi kizima bila gharama, ipo ya kubadilisha kwa raundi moja tu kisha kikosi kikarudi kilivyokuwa, ipo inayohesabu alama za benchi, na ipo inayomzidisha nahodha mara tatu badala ya mbili. Katika msimu wa 2025/26 kila mmoja alipewa seti moja ya turufu hizo kwa nusu ya kwanza ya msimu na nyingine kwa nusu ya pili, na ya nusu ya kwanza isiyotumika hupotea. Subirini raundi ambazo klabu fulani zinacheza mara mbili ndipo mtumie ya benchi na ya nahodha. Benchi nalo lipangwe kwa mfuatano wa maana, maana mchezaji asiyecheza hujazwa na wa kwanza benchini anayefaa, mradi mabeki wasipungue 3 na mshambuliaji asikosekane.

Hatua ya tano: Nunueni kikombe kinachopigika picha

Watu hununua kikombe kwa kimo. Hilo ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Vikombe vingi katika maduka ya vifaa vya michezo katikati ya jiji ni vya plastiki au bati jembamba lililopakwa rangi ya dhahabu au fedha inayong'aa kama kioo, na kadiri kinavyong'aa ndivyo kinavyokuwa kigumu kupigwa picha. Ukiwa dukani, kishike kwa kitambaa, kisogeze mbele ya uso wako, utazame unachokiona tumboni mwake. Ukijiona vizuri kiasi cha kuchana nywele, ujue kamera nayo itaonekana vilevile. Tafuta kilichosuguliwa mistari myembamba, au chenye nakshi tumboni, au chenye rangi iliyofifia kidogo. Vitu hivyo huvunja taswira na kuipunguzia kazi kamera.

Kitako kizito ni bora kuliko mwili mrefu. Kombe la Ligi Kuu yenyewe limesimama juu ya kitako cha jiwe la malakaiti, la kijani kama uwanja, na kitako hicho ndicho kinacholipa hadhi hata kabla hujafika kwenye simba wawili wa pembeni. Kwa kitako chenu mbao nyeusi inatosha, ila iwe pana ya kubeba vibati vya misimu kumi. Kama mna muda, nendeni kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Kikombe kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupiga picha kilifuliwa huko kwa bati la alumini, kina alama za nyundo mwili mzima kama ngozi ya tufaha la porini, na hakikunihitaji hata karatasi moja ya kuzuia mng'ao.

Kuhusu maandishi, mpelekeeni mchongaji maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, myatume tena kwa ujumbe wa simu, na mwombe kuona mfano kabla hajagusa kibati. Duka moja, ambalo silitaji, lilitukabidhi kibati kilichosomeka BIGNWA, na kwa kuwa ilikuwa saa kumi na moja jioni na wageni wako njiani, tulikibandika hivyohivyo. Bado kipo. Mwenyewe amekataa kisibadilishwe.

Hatua ya sita: Siku ya mwisho msipige picha usiku

Mechi zote 10 za raundi ya mwisho huanza kwa wakati mmoja, na kwa saa zetu kwa kawaida huwa saa kumi na mbili jioni, dirisha likiwa limefungwa saa kumi na nusu. Filimbi ya mwisho inapolia, jua la Nairobi limeshatua zaidi ya saa moja. Pigeni picha za shangwe mkitaka, na mtu apige picha ya skrini ya jedwali, lakini asitangazwe bingwa mpaka alama za bonasi, zile za ziada wanazopewa wachezaji bora wa kila mechi, zithibitishwe. Tofauti ya alama 2 imewahi kugeuka mbele ya macho yetu mezani, soda zikiwa zimeshafunguliwa kwa jina la mtu mwingine. Picha rasmi ya kikombe iwe kesho yake asubuhi.

Najua kinachotokea usiku huo mtu akikaidi kwa sababu nilikaidi. Msimu wetu wa kwanza nilikiweka kikombe juu ya runinga sebuleni, chini ya taa, nikawasha flashi nikapiga, na kwa furaha nikaituma kundini papo hapo. Haikupita dakika mbili mtu akaivuta picha, akakata kipande cha tumbo la kikombe, akakirudisha kikiwa kimekuzwa. Nilikuwa nimo ndani, mdogo lakini kamili, na fulana ya ndani na taulo kiunoni, mkono mmoja umeinua simu, na nyuma yangu kamba ya nguo zilizoanikwa. Waliniita Taulo hadi Krismasi.

Hatua ya saba: Piga picha ya kikombe peke yake

Jambo la kuelewa kabla ya kugusa simu ni kwamba chuma king'aacho hakina sura yake mwenyewe. Unachokiona juu yake ni chumba: dirisha, dari, meza, wewe. Mwanga hutoka usoni mwake kwa pembe ileile ulioingia nayo, na kwa kuwa tumbo la kikombe limepinda, linakusanya karibu chumba kizima na kukibana katika upana wa kiganja. Kwa hiyo anayepiga picha ya kikombe kwa kweli anapanga vitu vinavyokizunguka.

Anza kwa kukisafisha. Tumia kitambaa laini cha kufutia miwani, na baada ya hapo ukishike kwa kitambaa hichohicho au kwa glavu, kwa sababu alama za vidole ambazo jicho halizioni kamera itazitangaza. Usitumie sufi ya chuma wala dawa ya meno. Rangi ya dhahabu ya vikombe hivi ni utando tu, ukiisugua utabaki na bati. Futa lenzi ya simu pia. Hili watu wengi hulisahau, halafu hulaumu simu.

Kisha chagua dirisha. Mwishoni mwa Mei jua linapita kaskazini mwa Nairobi hata saa sita mchana, kwa hiyo dirisha linalotazama kusini halipigwi na jua siku nzima na mwanga wake ni mpole. Dira ya simu itakuonyesha ni lipi. Msimu wa Desemba mambo hugeuka, na dirisha la kaskazini ndilo linalofaa. Mawingu ya mwisho wa masika, ambayo tunayalalamikia kwa sababu ya nguo zisizokauka, ni rafiki mkubwa wa kazi hii: yanaifanya mbingu nzima kuwa taa moja pana. Muda wa saa mbili hadi saa nne asubuhi hunitosha. Zima taa zote za ndani, maana balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, upande mmoja wa kikombe utakuwa na rangi ya chai na mwingine rangi ya maziwa.

Sasa kuna vyuma vya dirisha. Nyumba nyingi za hapa mjini zina vyuma vya kuzuia wezi, na kikombe kitavionyesha vyote, kimoja kimoja, hata picha ionekane imepigwa seli. Tundika pazia jepesi jeupe au shuka nyeupe nyembamba kufunika dirisha lote, na uhakikishe halina maua wala mikunjo mizito. Vyuma vitatoweka na mahali pake patatokea mstari mpana mweupe unaoteremka taratibu ubavuni mwa kikombe. Mstari huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba hiki ni chuma na kwamba kimeviringika.

Weka kikombe juu ya meza mita moja hivi kutoka dirishani, dirisha likiwa ubavuni mwake, si mbele wala nyuma. Upande usio na dirisha simamisha karatasi nyeupe ya manila, ile ya shilingi chache ya dukani kwa vifaa vya shule, ili irudishe mwanga kivulini. Nyuma yake ning'iniza kitambaa cheusi kisichong'aa, umbali wa mita moja au zaidi, ili mikunjo yake ipotee. Ikiwa badala yake unataka mandhari meupe, kingo za kikombe zitayeyuka ndani ya weupe huo. Hapo kata vipande virefu vya manila nyeusi na kuvisimamisha pembeni mwa kikombe, nje kidogo ya picha, navyo vitachora ukingo mweusi kila upande. Mimi napendelea mandhari meusi, kwa kuwa dhahabu ya plastiki ikiwekwa juu ya nyeupe hukiri mara moja kwamba ni plastiki.

Wewe mwenyewe rudi nyuma mita mbili na utumie ukuzaji wa mara mbili wa simu badala ya kukaribia. Ukiwa karibu, lenzi pana huvimbisha tumbo la kikombe na kukifanya kitako kiwe kidogo, na wewe unaonekana mkubwa ndani yake. Ukiwa mbali, umbo linakaa sawa na wewe unakuwa nukta. Ili uondoke kabisa, toboa tundu la ukubwa wa sarafu katikati ya manila nyeusi, upitishe lenzi hapo, ujifiche nyuma yake. Kitakachoonekana tumboni ni kivuli cheusi tu ambacho hakuna atakayekitilia shaka. Simu iwe juu ya stendi ya miguu mitatu, zile ndogo zinazouzwa Luthuli Avenue, au iegemee rundo la vitabu. Kimo chake kiwe chini kidogo ya mdomo wa kikombe. Ukipiga kutoka juu, unaonyesha shimo la ndani na kikombe kinafupika, na kikombe cha ligi ya mtaani hakina urefu wa kupoteza.

Zima flashi. Gusa skrini mahali kikombe kilipo na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha teremsha mwanga kidogo hadi sehemu nyeupe kabisa za kikombe zionyeshe tena umbile. Sehemu iliyoungua kwa weupe hairudi hata ufanye nini baadaye, ila iliyo nyeusi kidogo inarekebishika. Weka kipima muda cha sekunde 3 au 10 ili kidole chako kisitikise simu. Piga, itazame picha ukiwa umeikuza, songeza manila upana wa kidole, piga tena. Mimi huchukua picha kati ya 20 na 30 ili nipate moja, na mara nyingi tofauti ya iliyofaa na zisizofaa ni nyuzi mbili tatu za kuzungusha kitako.

Hatua ya nane: Kibati kisomeke

Piga picha ya pili ya kibati kipya peke yake. Kibati ni bapa, kwa hiyo hufanya kazi kama kioo cha kawaida: ama kinaakisi kitu cheupe na herufi zinaonekana nyeusi, ama kinaakisi kitu cheusi na herufi zinapotea. Zungusha kitako polepole mpaka manila nyeupe ijae kwenye kibati, na utaona jina likijitokeza. Kama herufi zimechongwa bila kutiwa rangi, mwombe mtu amulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, karibu sana na kwa pembe ya chini, ili kila mkwaruzo upate kivuli chake.

Hatua ya tisa: Bingwa na kikombe

Picha ya bingwa ni rahisi zaidi ikiwa utampeleka juu ya paa la ghorofa, mahali pa kuanikia nguo, upande wenye kivuli. Ondoeni kwanza shuka za majirani. Mwelekeze ashike kitako kwa mkono mmoja na shina kwa mwingine, asifunike vibati, na akiinamishe kikombe mbele kidogo ili kisiakisi mbingu yote. Angalieni jezi: bingwa wetu wa msimu wa tatu alivaa nyekundu, na kikombe chetu cha rangi ya fedha kikatokea chekundu kuanzia shingoni hadi kitakoni, jambo lililowafurahisha mashabiki wa timu moja na kuwaudhi wengine wote. Jezi nyeusi, nyeupe au kijivu haina siasa.

Hatua ya kumi: Kutuma, kuchapisha na kuhifadhi

Usirekebishe sana. Nyoosha mstari wa meza, kata pembeni, ongeza kivuli kidogo, basi. Vichujio vinavyolainisha nyuso hulainisha pia nakshi za kikombe. Unapoituma kundini, itume kama faili na si kama picha, kwa sababu WhatsApp huipunguza ubora na bingwa akiipeleka studio kuchapisha ataambiwa imekwaruza. Nakala ya awali ikae mahali pawili, simuni na kwenye barua pepe ya ligi, ikiwa na jina la msimu. Chapa moja ya saizi ya A4 mpe bingwa ndani ya fremu, siku ileile anayokabidhiwa kikombe, na nyingine ndogo ibaki kwa katibu.

Bado kuna mwiko. Ligi yetu humkabidhi wa mwisho mwiko wa kusongea ugali, na naye hupigwa picha kando ya bingwa, bila ruhusa ya kukwepa. Mbao haiakisi chochote, kwa hiyo hauhitaji manila, pazia wala kitambaa. Mwanga wowote unatosha na kazi huisha kwa dakika mbili. Wa msimu uliopita nilikuwa mimi. Picha ilipigwa na bingwa mwenyewe, na kidole chake kimefunika robo ya lenzi.